Urbano Achagua Koki

Mzee Mughwai alikuwa na binti mmoja na ekari moja ya mtama, na watu wa kijiji cha Azimio walikuwa hawajui kati ya hivyo viwili kipi anakipenda zaidi. Tusimsingizie mzee wa watu, binti alimpenda. Lakini asubuhi alikuwa anaanza kuusalimia mtama kabla hajasalimia mtu.

Kijiji chenyewe kilikuwa bado kinanuka upya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka huko walikotawanyika, wakapangwa kwa mistari jirani na Itigi, nyumba kwa nyumba, hata ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Shamba la pamoja lilikuwa upande wa reli. Nyuma ya nyumba kila mtu aliachiwa kipande chake, na ukitoka shamba la pamoja ndipo unakwenda kuhangaika na chako. Na chako, kama ni mtama, adui yake ni mmoja tu: kweleakwelea. Kandege kadogo, ukikashika kanajaa kiganjani, lakini wakija kundi zima wanaweza kukuachia mabua matupu ukabaki unayatazama na kujiuliza kama kweli ulipanda.

Sasa sikiliza ujanja wa Mzee Mughwai. Kijana akija kumposa Cecilia, mzee hasemi ndiyo wala hasemi hapana. Anajikuna kidevu, anatazama shambani, anasema hivi:

"Mwanangu, mtama wangu umeanza kutia maziwa. Panda dunguni uniamie ndege mpaka siku ya kuvuna. Nikikuta shamba zima, posa nitaipokea. Lakini ndege wakila, utanisamehe. Asiyeweza kulinda suke atalindaje mke?"

Maneno matamu, eti? Kijana anapanda dunguni, kile kichanja cha kuamia, yaani kufukuzia ndege. Anapiga makelele toka alfajiri mpaka jua linazama, sauti inakauka, mkono unavimba kwa kurusha kombeo. Siku ya kuvuna mzee anavaa koti lake, anaita majirani washuhudie, anakagua mstari kwa mstari, na huko mwisho mwisho anaibuka na suke moja lililodonolewa. "Ndege wameshinda," anasema kwa huzuni kubwa. Mtama unavunwa, kijana anakwenda zake. Melkizedeki alikwenda hivyo. Antipasi naye alikwenda hivyo, akahamia Mwankoko akaoa huko huko, na wanasema mpaka leo akisikia ndege analia anatafuta jiwe.

Na baada ya hayo yote, Urbano naye akaenda kuposa.

"Wewe una akili timamu?" Andrea alimwuliza. Andrea alikuwa kaka yake Cecilia, fundi wa mabehewa pale stesheni, mtu wa mdomo mrefu na roho nyeupe. "Baba anatafuta mlinzi wa bure, hatafuti mkwe."

"Nampenda dada yako."

"Hata Antipasi alisema hivyo. Sasa anapenda mwingine Mwankoko."

Urbano alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa karibu na ghala la kijiji, na mikono yake ilikuwa haitoki grisi hata Jumapili. Mtu wa kushona tyubu na kunyoosha ringi, kombeo hakulijua. Siku ya kwanza dunguni alilizungusha vizuri, akaachia kamba isiyotakiwa kuachiwa, na lile donge la udongo likampiga mwenyewe nyuma ya sikio. Wanawake waliokuwa wanaamia mashamba ya jirani walicheka mpaka ndege wao wakapata nafasi ya kula.

Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa sikio. Kilichomuuma ni Mama Andrea, mke wa Mzee Mughwai, aliyepita chini ya dungu na ndoo yake ya maji kichwani, akamwita kwa sauti nzuri kabisa:

"Hujambo, Urbano baba! Ndege hawajambo?"

"Shikamoo, mama. Hatujambo."

Ukiwa mgeni utaona ni wema tu. Lakini kwao mama mkwe na mkwe hawasalimiani. Wanakimbiana. Posa ikishapokewa, mama akikuona njiani anajifunika kanga anaingia porini, hata kama ni kwenye miiba. Wewe nawe unageuka unatazama mti. Kumtazama usoni ni kosa, na kumwona mahali asipopaswa kuonekana ni kosa la mkwe kutoa mbuzi. Kwa hiyo kila Mama Andrea alipomsalimia kwa jina, mbele ya watu, meno yote nje, alikuwa ni kama anamwambia: wewe bado ni kijana wa watu tu. Urbano aliitika salamu hizo kila siku kwa moyo mzito. Alikuwa anatamani siku moja mama huyo amkimbie.

Wazo lilimjia kibandani. Alikuwa anajaza upepo baiskeli ya katibu wa kijiji, tairi limezeeka, yeye anaona bado linataka, mara tyubu ikapasuka. Paa! Katibu aliangukia gunia la spoki. Na ndege wote waliokuwa wanaokota nafaka mlangoni pa ghala waliruka wakapotea upande wa Manyoni.

Urbano akasimama na pampu mkononi. Hakumwinua hata katibu.

"Upepo," alisema.

"Upepo nini? Tyubu yangu je?"

"Upepo, Ndugu Katibu! Upepo unapiga kelele kuliko mimi!"

Nyuma ya ghala kulikuwa na lori lililokufa, na chini ya lori kulikuwa na tangi la upepo wa breki, zima, halina tundu. Alilipata kwa kumtengenezea mwenye lori baiskeli upya kuanzia pedeli mpaka kengele. Bomba la chuma alilipata kwenye kisima kilichochimbwa kikakataa kutoa maji. Bomba alilikalisha juu ya uma wa baiskeli ya zamani, uma akausimika ardhini pembeni ya dungu, ili domo ligeuke kokote ndege wanakotokea. Nyuma ya bomba tangi, na kwenye tangi valvu ya tyubu ya kujazia kwa pampu. Mpango ulikuwa rahisi: jaza tangi, weka donge la udongo ndani ya bomba, kisha achia upepo wote kwa mkupuo.

Kilichobaki ni koki. Na hapo ndipo shughuli ilipo, maana tangi ni tumbo na bomba ni koo, lakini kama mlango ulio kati yao ni mbovu, huna kitu, una vyuma tu.

Ya kwanza ilikuwa koki ya maji, ya shaba, ya kuzungusha, iliyotoka kwenye pipa bovu. Ilikaa vizuri, Urbano akaifunga kwa katani na rangi isivuje. Alipiga pampu mpaka fulana ikamganda mgongoni. Andrea alikuja kutazama, Cecilia naye akaja na kibuyu cha maji, akijifanya anampelekea kaka yake. Kweleakwelea walikuwa wametua mtamani hawana hata wasiwasi.

"Zibeni masikio!" Urbano alisema, akaanza kuzungusha koki.

Ksss. Akazungusha tena. Ksssss. Upepo ukatoka polepole, ukatoka, ukatoka. Donge likachungulia mdomoni mwa bomba kama kifaranga, likafikiri kidogo, likaanguka miguuni pake. Ndege mmoja akaja akatua juu ya bomba.

Andrea alikuwa amelala chini, hacheki tena, anatafuta pumzi. "Mzinga unakohoa! Umpeleke zahanati!"

"Nyamaza wewe," Cecilia alisema, ingawa naye alikuwa ameuma kanga yake. Kisha akamgeukia Urbano. "Lakini unaufungulia upepo mlango kama mtu anayemfungulia mgeni asiyemtaka. Mpaka mlango uwe wazi, mwenyewe alishakwisha kupita kwa ufa."

Ndivyo ilivyokuwa, na Urbano alijua. Alikunja uso akaifungua ile koki.

Ya pili haikuwa koki, ilikuwa kizibo. Alichonga kizibo cha mti mgumu, akakivisha mpira wa tyubu, akakikandamiza kwenye mdomo wa bomba, akakizuia kwa kabari ya chuma iliyopita ubavuni. Jaza upepo, vuta kabari, kizibo kiondoke. Kichwani mwake ilikuwa safi sana. Lakini upepo ulipojaa, ulikisukuma kizibo, kizibo kikaibana kabari, na kabari ikakataa kutoka. Urbano akavuta kamba, wapi. Akamwita Andrea. Wakavuta wawili, miguu imekita ardhini, mishipa imesimama shingoni. Kabari ikatoka ghafla. Paa! Wakaruka kinyumenyume mpaka kwenye uzio wa miiba. Kizibo kilikwenda angani na hakuna aliyekiona kikirudi. Kama kimetua Tabora, watu wa huko hawajasema.

"Kelele ipo!" Urbano alisema akiwa kwenye miiba. "Umesikia kelele?"

"Nimesikia makalio yangu," Andrea alijibu.

Ndege walikuwa wameruka, kweli. Lakini kila mlio mmoja ulitaka wanaume wawili, kizibo kipya na mtu wa kuwachomoa miiba. Mtama usingefika mavunoni, wala wao.

Ilikuwa Andrea, akiwa amelala kifudifudi kwa sababu ya miiba, aliyesema habari za mabehewa. Kila behewa la breki za upepo, alisema, lina koki kule mwishoni. Ina mkono. Mkono ukilala hivi imefunga. Ukigeukia hivi, imefungua yote. "Haina katikati. Kufumba na kufumbua."

Urbano aliinuka. "Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Nilikuwa nafurahi."

Huko porini kupita stesheni kulikuwa na behewa lililopinduka tangu enzi za Mwingereza, limeliwa na kutu, nyuki wamehamia. Andrea aliomba kwa mkubwa wake, akaambiwa achukue chuma anachotaka na nyuki pia kama anawataka. Wakaenda. Walirudi na koki mbili, na nyuso zilizovimba, maana nyuki hawakuwa wameambiwa habari za ruhusa.

Waliziweka juu ya benchi kibandani. Moja ilikuwa ngumu. Mkono wake ulitaka nyundo ndipo ugeuke. Nyingine ilikuwa imelegea. Ukiitikisa kidogo mkono unaanguka wenyewe, nzito, taf, na koki inabaki wazi.

"Chukua ngumu," Andrea alisema. "Iliyolegea siku moja itakupiga wewe."

"Ngumu ni mpaka nitafute nyundo. Ndege hawasubiri nyundo."

"Na ile je? Ukikohoa inafyatuka."

Urbano alizipima mkononi moja baada ya nyingine. Alizifungua, akazipuliza, akazipaka grisi. Ile ngumu hata kwa grisi ilimkatalia. Ile iliyolegea alipoifungua ilitoa njia pana, safi, kidole gumba kikapita. Akafikiri habari za Cecilia, akafikiri habari za Antipasi na Mwankoko.

"Hii," alisema, akashika iliyolegea. "Nitaufunga mkono kwa ukanda wa tyubu. Nikitaka kupiga, navuta ukanda, mkono unaanguka wenyewe. Ulegevu wake ndiyo kazi yake."

"Haya. Ukifa tutakula ubwabwa."

Mlio wa kwanza wa koki ile Itigi nzima ilisikia. Bumu! Donge likaenda juu ya mtama likapasuka hewani kuwa vumbi, na kweleakwelea wakainuka wote kwa pamoja kama blanketi linalokung'utwa, wakazunguka mara moja, wakatokomea vichakani. Halafu kukawa kimya ambacho shamba lile lilikuwa halijawahi kukisikia. Wanawake wa madungu ya jirani wakapiga vigelegele. Mmoja akauliza kama mzinga unaazimwa.

Kuanzia hapo Urbano alikuwa anashona tyubu zake chini ya dungu kwa raha, akiona kundi linakuja anavuta ukanda, bumu, anarudi kwenye tyubu. Masuke yakakomaa, yakainama kwa uzito. Hakuna lililoguswa. Kijiji kizima kilianza kumwita shemeji.

Asiyefurahi alikuwa mmoja. Cecilia alikuja siku moja na kibuyu chake, safari hii bila kumsingizia kaka yake.

"Baba hali vizuri," alisema. "Jana kazunguka shamba zima. Hakukuta hata suke moja la kulalamikia. Amerudi kanuna, ugali kauacha."

"Basi si ndiyo ushindi wetu?"

Cecilia alitazama chini. "Urbano, hata wakati wa Antipasi shamba lilikuwa zima. Nililikagua mwenyewe jioni ya siku ile. Kesho yake baba kavaa koti, jua lote lile, na suke lililodonolewa likapatikana. Koti la nini wakati wa kuvuna?"

Urbano aliiweka tyubu chini. "Unataka kusema lilitoka mfukoni?"

"Mimi sikusema. Nimemwambia mama. Kasema 'mh' tu."

Sasa hapo ufanyeje? Utasimama mbele ya mzee umwambie, wewe ni mwongo, halafu kwa mdomo huo huo umwombe binti? Urbano hakulala vizuri siku zile. Alikuwa amewashinda ndege wa angani, lakini ndege mmoja alikuwa anakaa ndani ya koti, na huyo hakuwa na koki ya kumfukuzia.

Siku ya kuvuna ikafika. Majirani wakaja kushuhudia, Andrea akaomba ruhusa kazini, Cecilia akasimama na wanawake wenzake na nyungo. Mama Andrea tu ndiye hakuonekana. Mzee Mughwai akatokea. Jua linachoma mpaka mbuzi wamekimbilia kivulini, yeye kavaa koti, kalifunga vifungo vyote.

Walianza. Mzee mbele, mikono nyuma, Urbano akimfuata, majirani nyuma yao. Mstari wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Watu walikuwa wananong'ona kwamba shamba kama hili hawajaona tangu wahamie. Mzee alikuwa anaguna tu. Walipofika mstari wa mwisho, ule unaopakana na ua wa nyumba yake, karibu na dungu, mzee aliinama katikati ya mabua akawapa watu mgongo. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko mtu anayetazama suke. Alipoinuka, alikuwa na suke mkononi, nusu yake limedonolewa, limekauka kabisa, wakati mtama wote pale ulikuwa na utomvu.

"Ndege wameshinda," alisema, akatikisa kichwa. "Nasikitika sana, mwanangu. Nilikuwa nimeanza kukupenda."

Wote waliona lile suke limekauka, lakini nani ataanza? Si Andrea. Baba ni baba. Cecilia aliuweka ungo chini, akajifuta macho kwa pindo la kanga wala hakujificha. Urbano alitazama mtama alioulinda, akaona giza.

"Asante, mzee," ndiyo iliyotoka.

Mzee Mughwai, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha na roho imetulia, akaanza kuangalia angalia. Akauona mzinga. Ulikuwa umejaa upepo na donge ndani, maana asubuhi kundi lilikuwa limeonekana likizunguka. Domo lilikuwa linamtazama yeye, hakupenda. Akalisukuma kwa fimbo mpaka likageukia upande wa nyumba yake.

"Na hili dude lako ulichukue," alisema. Halafu jicho lake likatua kwenye ule ukanda uliofunga mkono wa koki. Mzee aliushika, akauvuta kuupima. "Mpira mzuri huu. Unafaa kombeo."

"Mzee, usi..."

Alishaufungua.

Mkono ukaanguka. Taf.

BUMU!

Mzee alikaa chini bila kukusudia. Donge lilivuka ua, likalipiga bafu la mabua lililokuwa nyuma ya nyumba, na ukuta mzima wa upande wa shamba ukalala chini polepole, kwa heshima, kama mtu anayepiga magoti. Vumbi likainuka. Vumbi lilipotulia, ndani ya bafu alikuwa amesimama Mama Andrea.

Sasa Urbano, aliyekuwa mbele ya wote, aliona vizuri sana. Aliona kwamba Mama Andrea amevaa gauni, na juu ya gauni kanga, na juu ya kanga nyingine. Aliona kwamba hana tone la maji mwilini. Na aliona kwamba ndoo imepinduliwa, na yeye amesimama juu yake, kwa kimo kile kile cha mtu anayechungulia shambani kupitia tundu la ukuta. Hakuna mtu duniani anayeoga amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama Andrea alikuwa pale toka mwanzo, na tundu lake lilitazamana na mifuko ya koti lililoinama mstari wa mwisho.

Macho yao yakakutana. Kitambo kidogo tu. Kisha yule mama akaruka chini, akaigeuza ndoo kwa mguu, akajifunika kanga gubigubi, akapiga yowe lililowashinda kweleakwelea wote:

"Yoweee! Mkwe kaniona naoga! Jamani, mkwe kaniona! Nataka mbuzi wangu!"

Watu wakashika vinywa. Urbano alikuwa na maneno mawili ya kuchagua, na mpaka leo anasema kuchagua koki ilikuwa kazi nyepesi. Mtu mwenye akili, ameshutumiwa kwamba amemwona mke wa mtu bafuni, na hakuona chochote, anasema: sikuona. Ndiyo kweli, na ingemwokoa aibu. Urbano akapiga magoti, akafunika macho kwa mikono yote miwili, grisi usoni kote.

"Nimeona!" alilia. "Nimekosa, nimeona kila kitu! Mbuzi nitatoa!"

"Mkwe gani?" Mzee Mughwai alifoka akiwa bado kakaa chini. "Huyu si mkwe! Posa yake sikuipokea! Ndege wameshinda!"

Yowe likakatika. Mama Andrea akatoa uso tu nje ya kanga.

"Si mkwe?"

"Si mkwe!"

"Basi, mume wangu, hebu tuelewane mbele ya hawa watu. Kama ni mkwe, kaniona kwa bahati mbaya, atatoa mbuzi, yamekwisha, hakuna aibu. Kama si mkwe, ni mwanamume wa njiani tu, naye kaniona mimi mkeo bafuni mchana kweupe. Na aliyefungua ile koki ni nani?"

Majirani wote wakamgeukia mzee. Ukanda wa tyubu ulikuwa bado mkononi mwake.

"Chagua," mkewe alisema. Kisha akashusha sauti, akalitazama lile koti, mfuko wa kulia. "Au unataka niseme na mimi nimeona nini leo, kabla mkwe hajaniona?"

Mzee Mughwai alitazama ukanda. Alitazama suke. Alimtazama Urbano aliyekuwa bado amepiga magoti kajifunika macho, mabega yanatikisika, usijue analia au anacheka. Alitazama ekari nzima ya mtama mzito, mzuri, ambao hajawahi kuwa nao tangu aanze ujanja wake. Kifungo cha kwanza cha koti akakifungua. Jasho lilikuwa linamtoka kweli.

"Urbano," alisema.

"Naam, mzee."

"Kwetu mtu akimwona mama mkwe wake bafuni, anatoa mbuzi."

"Ndiyo, baba."

Cecilia alipiga kigelegele kimoja kirefu, akajiziba mdomo, akakipiga tena. Andrea alikuwa kaegemea dungu, hana hali. Mama Andrea alishawapa mgongo wote, kanga imemfunika mpaka utosini, anarudi nyumbani kinyumenyume akijigonga kwenye mabua ili asije akamwona Urbano hata kwa bahati mbaya.

"Andrea!" aliita kutoka ndani ya kanga.

"Naam, mama!"

"Mwambie huyo, mimi siongei naye! Mwambie mbuzi awe jike! Na asinitazame!"

Urbano hakuondoa mikono machoni. Aliisikia sauti ile kwa masikio yake mwenyewe, hatua chache tu kutoka pale alipopiga magoti, na hakujibu. Alimgeukia Andrea.

"Mwambie mama," alisema, na sauti ilikuwa inamkatika kwa furaha, "nimesikia."